Cheti Ulichoniomba

Rehema mwanangu,

Barua ya kumwendea mtoto shuleni huanza kwa kusema sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi naianza yangu na wewe bado hujafika mbali. Umekwenda Mbagala kumuaga bibi, na kwa vile bibi anavyojua kumshika mtu kwa mihogo na kwa maneno, najua hutarudi kabla ya magharibi. Sasa ni saa tisa. Nimekaa mezani kwako, dirisha wazi, na uani Bwana Selemani anachonga mpini huku akiimba. Anaimba vibaya, hata kuku wamehamia upande wa jirani. Lakini mimi nikimsikia moyo unanienda mbio kama wa kigori. Haya, usikunje uso. Najua umekunja. Leo ni siku ya thelathini na tatu tangu tufunge ndoa, na mama yako bado anaamka asubuhi akijiuliza kama haya ni kweli au ni usingizi. Nivumilie. Nina furaha, na furaha yangu ndiyo iliyosababisha kosa ninalotaka kukuandikia.

Habari za sabuni, za kufunga neti na za kuificha sukari sitakuandikia. Bibi atakuwa amekwisha kukuambia mara tatu leo, na ya nne utaambiwa getini stesheni. Nataka tuongee juu ya cheti.

Kipo hapa mbele yangu, karatasi iliyokunjwa mara mbili. Kina mhuri wa zahanati na mwandiko wa dresa anayetibu pale, na kinasema kwamba Rehema binti Hamisi ana kifua dhaifu, asipewe kazi za sulubu. Mwanangu, wewe na mimi tunakijua kifua chako. Ni wewe uliyemkimbiza mwizi wa khanga zetu kutoka uani mpaka kwa fundi baiskeli, ukipiga kelele njia nzima, na ukazirudisha khanga zote mbili. Kifua kile hakina udhaifu wowote.

Uliniomba cheti hicho siku ya tatu baada ya harusi. Nakumbuka vizuri. Majina yalipotoka kwamba umechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, mtaa mzima ulifurahi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na kanzu yake ya Idi kutupa mkono wa pongezi. Kisha ikaja barua ya shule, tukaisoma pamoja hapa hapa. Shule ya mchepuo wa kilimo. Na katika vitu vya kuja navyo, kabla hata ya daftari: jembe moja lenye mpini, panga moja, ndoo moja. Uliisoma mara mbili, ukaiweka chini, ukaenda kuosha vyombo. Ila kesho yake ulipokwenda bombani, Mama Chausiku akakupokea mbele ya watu.

"Ee, msomi wetu! Nasikia umefaulu kwenda kulima?"

Wanawake wakacheka.

"Sasa shoga, ya nini kupanda treni siku mbili? Si ungekwenda tu kwa bibi yako Mbagala, jembe kule lipo, na jioni unarudi kulala kwa mama yako!"

Ulirudi na ndoo nusu. Ukasimama mlangoni ukaniambia, "Mama, mie sikufaulu ili nikashike jembe." Halafu ukasema ya cheti. Ulikuwa umesikia kwa rafiki yako kwamba mwenye cheti cha daktari haendi shamba, anakaa darasani anasoma. Ulikuwa umekwisha kupanga kila kitu, hata ugonjwa ulikuwa umeuchagua. Ulichotaka kwangu ni kumwona yule dresa niliyecheza naye utotoni.

Nami nilikuwa na hina mikononi bado haijafifia. Nilikutazama nikaona mtoto aliyekaa na mama yake peke yao miaka minane tangu baba yake afariki, na sasa mama huyo kaleta mwanamume ndani, anacheka naye jikoni kama mwendawazimu. Niliona siwezi kukunyima kitu wiki ile. Ungeniomba mwezi ningeazima ngazi. Nikaenda zahanati, nikasema uongo, nikarudi na karatasi. Ulinikumbatia, ikawa mara ya kwanza tangu harusi. Nikajiona mama mwema kabisa.

Sikukuambia kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa na cheti kama hicho. Nakuambia sasa.

Unajua nilisoma sekondari, na unajua ninavyojivuna nacho kidato changu cha nne. Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, kule milimani kwenye baridi. Nilipoingia, siasa ya kujitegemea ndiyo kwanza imeingia mashuleni. Dada zetu waliotutangulia walikuwa na watumishi wa kuwaoshea vyombo na kuwakatia majani. Sisi tulipofika watumishi wameondoka, na kila msichana anapimiwa ngwe yake shambani, hatua kumi kwa hatua ishirini, na kijiti chenye jina lake lililochomwa kwa msumari wa moto. Tulilalamika, mwanangu! Tulisema maneno kama yako, tena kwa Kiingereza.

Mwalimu wa shamba alikuwa Mwalimu Veronika, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alifundisha na bayolojia. Somo lake nusu lilikuwa darasani na nusu kwenye ngwe. Kila msichana alikuwa na daftari la ngwe: mvua imenyesha lini, mbegu imechukua siku ngapi kuota, jani la tatu limefanana na nini. Hesabu za eneo walizifanya kwa kamba na vijiti, na insha za Kiswahili wakaandika juu ya kitu kimoja walichokiona asubuhi ile kwenye mmea mmoja. Na kulikuwa na desturi moja niliyoipenda kuliko zote, ingawa mimi sikuwa na haki nayo. Msichana wa kidato cha nne, kabla hajaondoka, alimkabidhi ngwe yake msichana mpya wa kidato cha kwanza. Walitembea wawili peke yao kutoka mwanzo wa ngwe mpaka mwisho, na mkubwa akamwambia mdogo yote anayoyajua: hapa maji yanatuama, hapa pana kichuguu kilichofukiwa, upande huu kunde hukubali na ule hukataa.

Mimi nilikaa wiki mbili tu nikatoka malengelenge. Mjomba wangu alikuwa na rafiki yake hospitalini, likizo ya kwanza nikapata karatasi. Mgongo, ya kwangu ilisema mgongo. Kwa miaka mitatu na nusu wenzangu walipokwenda shamba mimi nilikaa barazani nikasoma. Hadithi za mapenzi nyingi zaidi kuliko masomo, nikiri. Nyingine nilizisoma mara nne, na sasa unajua ugonjwa wangu wa mapenzi ulianzia wapi. Jioni niliazima daftari la ngwe la mwenzangu, nikanakili lote kwa mwandiko mzuri.

Sasa sikia jambo ambalo watu wengine hawatakuambia. Katika mitihani niliwashinda. Niliongoza bayolojia mihula miwili. Kwa hiyo usidhani nakuambia cheti kitakufelisha. Huenda kikakufaulisha.

Mwenzangu huyo aliitwa Yunisi. Alitoka Njombe, tulilala vitanda vya jirani. Alikuwa mkimya, na Kiingereza kilimpa taabu mpaka akawa haongei mbele za watu. Ngwe yangu ilipobaki tupu, shamba la bweni letu likawa linaonekana lina pengo, basi Yunisi akaanza kunilimia. Hakuna aliyemwambia. Alimaliza yake akaingia yangu. Kijiti kina jina langu, Somoe, mahindi ni ya Yunisi. Nilimpa nini? Nilimpa sukari yangu, nikamwandikia barua moja ya Kiingereza. Nikaona tumelipana.

Tulipokuwa kidato cha tatu ikafika siku ya wazazi. Walikuja wazazi, wakaja na watu wa kijiji cha jirani. Mwalimu mkuu akanichagua mimi niwaeleze wageni habari za shamba, maana nilikuwa na ulimi. Nilisimama mbele ya ngwe yenye jina langu, sketi imepigwa pasi, nikaeleza! Nilieleza mbolea, nikaeleza mizizi, nikaeleza safari ya maji kutoka udongoni mpaka kwenye jani. Watu walipiga makofi. Kisha mama mmoja wa kijijini, amejifunga kaniki, akauliza.

"Ahsante binti. Hawa wadudu wanaoingia moyoni mwa hindi, mliwafanyaje?"

Nikamwambia jina la mdudu, na jinsi anavyotoka yai akawa funza, na funza akawa nondo.

"Ahsante. Mliwafanyaje?"

Nikamwambia tena, nikaongeza na idadi ya mayai.

"Nimesikia, binti yangu. Nauliza, mliwafanyaje?"

Watu wakaanza kutazama chini. Ndipo nyuma yangu nikasikia sauti ya Yunisi, ndogo kabisa, "Majivu, mama. Unachota kwa vidole vitatu tu, unatia moyoni mwa mmea. Asubuhi, umande ukiwapo."

Yule mama hakunitazama tena. Alinipita, akaenda alikokuwa Yunisi, wakachuchumaa wote wawili kwenye mahindi kama mtu na mwanawe. Waliongea mpaka kengele ya chakula ikalia. Nilimwona Yunisi akicheka, akitumia mikono, akibishana. Sikuwahi kumwona hivyo darasani hata siku moja.

Rehema, ningeweza kuikomesha hadithi hapo, na ingekuwa aibu ya mtoto tu. Lakini jioni bwenini nilimwendea nikamwambia, "Umenitia aibu mbele ya wageni."

Alikuwa anakunja shuka. Akaendelea kuikunja mpaka mwisho, kisha akasema, "Somoe, nimekulimia miaka mitatu hukukasirika. Leo nimekusaidia maneno mawili, ndiyo umekasirika?"

Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu. Hakunilimia tena, wala hakunisema kwa mtu. Alinisalimu kila asubuhi mpaka tulipomaliza, lakini ilikuwa salamu ya kumsalimu mtu unayeishi naye nyumba moja, basi. Na siku ya kukabidhi ngwe nilipewa mtoto wa kidato cha kwanza aliyeitwa Tatu, mwembamba, ana masikio makubwa. Tukatembea wawili mpaka mwisho wa ngwe. Akaniuliza, "Dada, udongo wake ukoje?" Nikamwambia, "Mzuri." Hilo tu. Miaka minne na nilikuwa na neno moja. Nilipogeuka nyuma nilimwona amekwenda kumwuliza Yunisi.

Utasema, Mama, hayo yalikuwa ya kizamani, na wewe hukufa njaa. Kweli sikufa. Nilipata kazi ya karani, nikaolewa na baba yako, nikakupata wewe. Ofisini napiga taipu barua za mbolea na pembejeo kutwa, na sijakosea herufi. Lakini unaikumbuka Kongowe? Ulikuwa mdogo sana, labda unakumbuka ule mkorosho tu. Baba yako alikuwa amepewa kipande cha shamba kule, na mwaka aliofariki watu wote wa mjini tuliambiwa tulime, mvua imekuwa haba na unga hakuna. Nikaenda mwenyewe, nikapanda mahindi. Yakaota vizuri. Kisha nikaona majani yametobolewa matundu. Nikafurahi, mwanangu, maana dawa naijua! Nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu. Nikachota majivu kiganja tele, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam kichwani, nikatia kila mmea mpaka ukajaa. Baada ya siku chache yote yalikuwa yamebabuka na kunyauka. Nilisimama katikati ya shamba la marehemu, nikamkumbuka Yunisi. Vidole vitatu. Umande ukiwapo. Maneno nilikuwa nayo yote, na mkono wangu hakuna hata moja ulilolijua. Mwaka ule tulikula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, mpaka ukawa unalia ukiuona.

Na hapo ningekoma kujifunza, kama si ile meza.

Ndiyo, narudi kwa Bwana Selemani. Vumilia, nimebakiza kidogo. Unajua nilikwenda Keko kuagiza meza ya kukusaidia kujiandaa na mtihani wa darasa la saba. Hujui yaliyotokea, kwa sababu nilirudi nikasema tu, "Fundi kasema Jumamosi." Nilimkuta amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, anapima fremu ya kabati kwa kamba yenye mafundo. Anavuta kamba upande huu, anavuta ule, anaikutanisha kwa mshazari. Nilitazama, nikahisi kama namwona mtu ninayemjua.

"Fundi, hiyo ni kanuni ya pembetatu mraba," nikamwambia.

"Hii ni kamba, dada."

Nikamkariria kanuni yote, kwa Kiingereza, kama nilivyofundishwa. Ananisikiliza kwa adabu, penseli sikioni.

"Inasema nini hiyo?"

Nikataka kumweleza nikajikuta sijui nianzie wapi. Nilikuwa nimelipata swali lile kwenye mtihani wa mwisho, nililipata lote, na sikuwahi kujua ni la nini.

"Njoo ushike hapa," akasema. "Hapa mafundo matatu. Kule manne. Sasa vuta mshazari. Ukipata matano, kona imekaa. Ukikosa, mlango wa kabati utacheka, na mwenye kabati atalia."

Nikashika. Matatu, manne, matano. Kamba ikakaza, ikatulia mkononi mwangu, na kona ilikuwa sawasawa kama ukurasa wa kitabu. Rehema, nilitokwa na machozi kwenye karakana ya watu. Yule bwana akaogopa, akadhani vumbi limeniingia, akanipulizia macho. Basi, mwanangu, ndiyo hivyo. Nilikuwa nimesoma hadithi za mapenzi mia, na hakuna hata moja iliyosema kwamba yataanzia kwenye kamba.

Nilirudi kuuliza habari za meza mara sita. Meza ya miguu minne! Alinifundisha kupiga randa, akanionyesha jinsi mninga unavyokataa ukiupiga kinyume cha nyuzi zake. Amesoma mpaka darasa la nne. Kila jioni sasa ananiuliza maana ya jambo fulani la kwenye vitabu vyako, nami namwuliza linafanywaje, na tunakaa hapo kucheka, ndicho kile kicheko kinachokuudhi jikoni. Tunajifunza. Kila mmoja alipewa nusu ya kitu kimoja.

Sijakuandikia haya ili umpende. Utampenda au hutampenda, kwa wakati wako. Unamwita "fundi wako" mbele yangu, na yeye amelisikia, akasema ni kweli, yeye ni fundi wangu. Lakini Ijumaa iliyopita nilimweleza habari ya cheti, maana sikuweza kulala nayo. Nilimweleza yote, na Yunisi nikamtaja. Yeye alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti, hakuacha.

"Mama Rehema, mie mambo ya vyeti siyajui," akasema. "Ninachotaka kujua ni urefu."

"Urefu wa cheti?"

"Urefu wa mtoto! Mpini mrefu unamvunja mtu kiuno, mfupi unampinda mgongo. Hii mipini inayouzwa dukani imechongewa nani? Haikuchongewa mtu."

Alikuomba usimame mlangoni akupime, unakumbuka, ukamwambia umechelewa bombani. Hakurudia kukuomba. Ila siku moja ulipoanika nguo alikuwa kakaa kibarazani, akaona kamba ya nguo inakufika kwenye nyusi. Ulipoingia ndani akainuka akapima kutoka chini mpaka kwenye kamba. Huo mpini ninaousikia ukichongwa ni wa kwako, hauwezi kumfaa mtu mwingine mtaa huu. Anaujaribu, anainama nao kama ni wewe, anautia tena chombo. Ni kichekesho kumtazama, mwanamume mwenye ndevu anajifanya msichana wa miaka kumi na minne.

Sikuambii kwamba jembe ni tamu. Wiki ya kwanza mikono itatoka malengelenge, ya pili yatapasuka. Pengine utakuta mwalimu asiyejua kufundisha kwa shamba, anayelifanya adhabu, mtu akichelewa anaambiwa akalime. Walimu wa namna hiyo wapo. Pengine wenzako wa shule nyingine watakuwa wanafungua vitabu saa ile wewe unapalilia, na utawaonea wivu, na wivu wako utakuwa wa haki. Mwalimu Veronika mmoja sikuahidi. Ninachoweza kukuambia ni kile ninachokijua kwa kukikosa: nilitoka shuleni nina kichwa kilichojaa, na mikono ya mgeni, na rafiki niliyempoteza. Na kilichoniuma zaidi katika hayo ni Yunisi. Kazi ya mwenye cheti haipotei, Rehema. Ipo pale pale shambani, na kuna msichana mmoja mkimya ataimaliza yake aingie yako. Utamjua. Huenda atalala kitanda cha pili.

Jana nilikishika hiki cheti nikataka kukichana. Nilikuwa nimekwisha kukishika hivi, kwa mikono miwili. Nikasita. Kama nikikichana utakwenda shule umekasirika, na utalima kwa sababu mama alikulazimisha, na siku ya kwanza ya mvua utatafuta dresa mwingine. Hapo nitakuwa nimekuamulia kama nilivyokuamulia mwanzo, nilipokwenda kule zahanati badala ya kukaa chini na kuongea nawe. Kwa hiyo nakitia ndani ya bahasha hii, pamoja na barua. Uongo ulioandikwa humo ni wangu, na wiki ijayo nitakwenda kwa dresa kumwomba radhi kwa kumtia katika jambo hili. Lakini karatasi ni yako.

Nikimaliza hapa nina kurasa mbili zimebaki kwenye daftari. Nimesikia Yunisi ni bibi shamba huko kwao, watu wa wilaya nzima wanamjua. Sijui kama jibu la miaka kumi na minane bado linapokewa, lakini nitaliandika leo, kabla hujarudi, kalamu ikiwa bado ina moto.

Sasa nikuambie jambo moja la hakika, ili likikufikia lisikushtue. Mtafika Jumatano asubuhi, mmechoka na treni. Mtapangwa mistari na mabegi yenu mbele ya ofisi. Watasoma majina, mtaitikia. Kisha mwalimu wa zamu atauliza swali moja, huulizwa kila shule, siku ya kwanza, kabla ya chai: "Nani ana cheti cha daktari?" Nakumbuka mkono wangu ulivyoinuka swali hilo lilipoulizwa kwetu mwanzo wa muhula wa pili. Ulikuwa mwepesi, mwanangu. Haukunigharimu kitu kuuinua.

Saa hiyo mimi nitakuwa ofisini. Sitajua umefanya nini, na ukitaka usiniandikie, nitakupenda kwa lolote. Lakini Jumatano, saa mbili asubuhi, wenzangu watashangaa mashine yangu ya taipu imenyamaza.

Mama yako akupendaye,
Somoe